Picha ya Tano

Msusi huyu alikuwa na vidole vyepesi na masikio ya kudaka kila kitu. Wateja walikaa kwenye kiti chake wakimpa mgongo, yeye akasimama nyuma yao, na redio ndogo iliyowekwa juu ya kabati la vibanio ikaongea mchana kutwa. Wenzake pale saluni walitaka muziki. Yeye alitaka vipindi vya afya, na katika hivyo alipenda zaidi vile vya ubongo. Akisikia habari ya mtu aliyeumia kichwa, akaamka hawezi kutaja jina la tunda hata moja ilhali wanyama wote anawataja, aliacha kusuka. Angebaki amesimama, rasta mkononi, mpaka mteja amkumbushe kwamba ana safari.

"Hebu fikiria," alikuwa akisema, "hapa ninapopasua njia, chini yake tu, ndiko mambo yote hayo yaliko."

"Wewe pasua njia," mteja mmoja alimjibu. "Huko chini usifike."

Saluni nzima ilicheka. Lakini mteja huyo, mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwafanyisha mazoezi wagonjwa waliopooza, ndiye aliyemtia hamu ya kuanzisha kundi. Alimwambia kwamba wapenzi wa habari hizi wako wengi, ila kila mmoja yuko peke yake na simu yake, hana wa kuzungumza naye. Msusi hakulala juu ya wazo hilo. Kabla mteja hajainuka kitini, kundi lilikuwa limeshafunguliwa kwenye simu, na jina lake ni Kichwani Kuna Nini.

Mwanzo ulikuwa vurugu tupu. Mmoja aliingia akauza vidonge vya kuongeza akili. Mwingine alituma maua kila asubuhi. Binamu yake aliyedhani ni kundi la harusi aliuliza kama ukumbi umeshapatikana. Msusi aliandika masharti, akamtoa wa vidonge, akamwonya wa maua, na toka siku hiyo kila mtu akamwita Mwenyekiti. Taratibu watu wakaanza kuzungumza kweli. Walibishana kwa nini wimbo unakwama kichwani, kwa nini aliyekatwa mguu huwashwa na unyayo asiokuwa nao. Mwalimu wa baiolojia wa mtaani kwao, mtu mpole aliyeandika kwa herufi ndogo tupu, ndiye aliyeleta mada nzuri kuliko wote.

Ni huyo mwalimu aliyeleta mchezo wa nyuso, alasiri ya Jumapili.

Alichukua picha ambazo wanakundi wenyewe waliziweka kwenye wasifu wao, akazikata kuanzia nyusi mpaka kidevu. Nywele hakuna, masikio hakuna, miwani na nguo hakuna. Akazipanga kwa namba na kuandika: ubongo una sehemu yake maalumu ya kutambua nyuso, tuone inavyofanya kazi, taja ni nani.

Msusi alikuwa nyumbani, kwenye kochi, na mumewe pembeni yake akifungua mota ya friji juu ya gazeti kuukuu. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na hata siku ya mapumziko hakukosa cha kufungua. Msusi aliitazama picha ya kwanza. Macho mawili, pua, mdomo. Alingoja maelezo. Badala yake majibu yakaanza kumiminika: huyo ni fundi umeme, huyo ni mama wa duka la dawa, huyo wa tatu ni mimi mwenyewe jamani mbona mmenikata vibaya. Msusi akatabasamu. Aliamini wamepeana majibu pembeni ili wamfanyie mzaha.

Alipofika kwenye ya tano aliamua naye achangie. Akaandika: "Huyu wa tano sijapata kumwona. Mwanamke wa makamo hivi, anaonekana amechoka."

Zikaja alama za vicheko, mstari mzima. Mama wa mazoezi akaandika: "Mwenyekiti kwa utani hujambo."

"Utani gani?" msusi akauliza.

Mwalimu hakucheka. Alimwandikia pembeni, nje ya kundi: "mwenyekiti, unasema kweli?"

Msusi akamsogezea mumewe simu. "Huyu ni nani?"

Mumewe alitazama simu, akamtazama yeye, akarudi kwenye simu. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza."

"Huyu ni wewe."

Alidhani na mumewe ameingia kwenye mzaha. Lakini mumewe hakuwa mtu wa mizaha, na bisibisi aliyoishika ilikuwa imesimama hewani. Msusi aliinuka akaenda kwenye kioo cha chumbani, akaiweka simu kando ya shavu lake. Akalinganisha pua na pua, mdomo na mdomo, kama mtu anayelinganisha funguo mbili kabla ya kujaribu kitasa. Vilikuwa sawa. Kitasa hakikufunguka. Aliyekuwa kwenye kioo alimjua, maana nani mwingine angesimama pale. Aliyekuwa kwenye simu aliendelea kuwa mgeni.

Mumewe alikuwa amemfuata hadi mlangoni. "Mimi unanijuaje?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Ilibidi afikiri. "Unavyotembea. Mabega. Sauti yako."

"Nikiwa nimekaa kimya je? Pale kazini, sote tumevaa ovaroli za bluu?"

Mumewe akapata jibu lake mwenyewe. Miaka yote hiyo mkewe akimpelekea kitu kazini, alisimama getini na kupiga simu: nimefika, toka. Hata siku ambazo yeye alikuwa ameketi palepale, mbele ya macho yake, kwenye benchi la mafundi. Alidhani ni haya ya mke mwenye adabu.

"Kwani wewe," msusi akauliza polepole, "ukiuona uso tu, unajua? Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Bila kutafuta?"

"Nitafute nini?"

Maisha yake yote alijua kwamba kumtambua mtu ni kazi: unakusanya pengo la meno, mwendo, kovu, mkoba, na zaidi ya vyote nywele, kisha unakisia. Aliamini kila mtu anafanya kazi hiyo hiyo, ila wenzake wana kasi kumshinda. Saluni hakukosea kwa sababu vichwa alivijua kwa vidole. Alijua utosi wa nani una mzunguko na kisogo cha nani kina kidonda cha utotoni. Njiani alipita watu, nao tangu usichana wake walisema anajisikia. Hakujisikia hata kidogo. Hakuwaona.

Ndipo akamkumbuka dada yake.

Dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja, hakuwa amesema naye kwa miaka mitatu. Aliugua bila kumwambia mtu, na dawa zikampukutisha nywele zote. Kisha akawaambia ndugu kwamba mdogo wake alimkuta hospitali katika hali hiyo, akamtazama usoni, akampita, kwa kuona aibu kuwa na dada kipara. Msusi aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakumwona dada yake hospitali. Ukoo haukumwamini. Yeye mwenyewe alimwona dada ni mwongo, na uchungu huo ulikuwa umeganda.

Sasa, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, alikumbuka siku aliyokwenda hospitali kumtazama jirani aliyejifungua. Ukumbi mrefu wa kijani, benchi, na mama mmoja kipara aliyemwinulia mkono. Alidhani anamwita muuguzi nyuma yake. Wakati wa kurudi alipotea, akamwendea mama yule yule na kumuuliza, samahani mama, njia ya kutokea ni ipi? Mama yule hakutamka neno. Alinyoosha kidole, na machozi yalikuwa yamemjaa. Msusi alimhurumia. Alimfikiria njia nzima mpaka nyumbani, yule mgonjwa masikini asiye na mtu wa kumsindikiza.

"Nini?" mumewe akauliza, kwa jinsi alivyomwona.

"Nilimuuliza njia," msusi akasema. "Dada yangu. Nilimuuliza njia kama mpita njia."

Kwenye kundi ujumbe ulikuwa umefurika. Mwalimu alikuwa ameeleza kwamba wapo watu wanaozaliwa hawawezi kutambua nyuso, na sasa alikuwa akiomba radhi. Wengine walitaka kujua kama anaota ndoto zenye nyuso, kama sinema anaielewa, kama wanaweza kumpigia simu ya video na kumjaribu. Lilikuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote kundi lilikuwa limepata, na wala hawakuwa na ubaya; ndiyo hamu ile ile aliyokuwa nayo yeye kwa mtu wa matunda na wanyama. Alifunga kundi asiandike mtu, akaizima simu.

Kesho yake hakwenda saluni. Alikwenda kwa dada yake.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye nywele fupi zenye mvi, na kwa mara ya kwanza msusi alijigundua akifanya ile kazi: urefu ni wa dada, kanga sijapata kuiona, mkono umeshika mlango kwa namna ya dada.

"Shikamoo dada."

Dada hakuitikia. "Umefuata nini?"

Msusi alieleza palepale kizingitini, vibaya, akianzia katikati: picha, nyuso, mwalimu, ya tano. Dada alisikiliza uso umekaza.

"Kwa hiyo umeanzisha kundi zima upate kisingizio," dada akasema.

"Nilikuuliza njia ya kutokea," msusi akasema. "Ukanyoosha kidole hivi. Ulivaa gauni la maua ya njano."

Habari ya kuulizwa njia dada hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa imemuuma mno kuisimulia. Kwa ndugu alisema tu kwamba alipitwa.

"Ulikuwa unakumbuka," dada akasema kwa sauti ya chini.

"Nilimkumbuka yule mama. Sikujua kuwa ni wewe. Nimejua jana."

"Na sasa hivi? Hapa unanijua?"

Angeweza kusema ndiyo. "Najua kwa sababu huu ni mlango wako," akasema. "Nikikukuta sokoni umenyamaza, nitakupita tena."

Dada akaacha mlango wazi na kuingia ndani, naye akamfuata. Walikaa. Dada hakulia wala hakumkumbatia. Alimsimulia lile benchi: lilivyokuwa la baridi, alivyofurahi kumwona akitokea mwisho wa ukumbi, alivyojiambia afadhali, sasa siko peke yangu. Alisimulia yote bila kumpunguzia, na msusi akayapokea yote bila kujitetea. Aliposema pole, dada aliitikia kwa kichwa tu.

Kisha dada akauliza, "Kitu hicho kinatoka wapi?"

"Mwalimu anasema wengine huzaliwa nacho. Kinaweza kuwa cha ukoo."

Dada alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mezani. "Baba," akasema.

Baba yao, dereva wa malori, alifariki wangali wasichana. Akirudi safari alisimama getini na kuita, wanangu wako wapi, nao wamesimama mbele yake katikati ya watoto wa majirani. Walidhani ni utani wake. Siku moja dada alikwenda kumpokea stendi, na baba akamkabidhi mizigo msichana mwingine wa rika lake. Mama alisema amelewa. Baba hakunywa pombe maisha yake yote. Wao wawili, walipokua, walikubaliana kwamba hakuwapenda, na siku ya mazishi yake hakuna kati yao aliyelia.

"Tulikuwa tunanyamaza makusudi," dada akasema. "Tuone atachukua muda gani. Unakumbuka? Tulikuwa tunacheka."

Msusi alikumbuka.

Hatimaye dada akachukua simu yake, akaisukuma juu ya meza. "Niingize kwenye hilo kundi lenu."

Msusi alilifungua kundi, akamwingiza. Dada alivaa miwani, akaandika, akafuta, akaandika tena. Ujumbe ulipotoka, simu ya msusi ikatetemeka mfukoni, akausoma: "Habari zenu. Mimi ni dada wa Mwenyekiti. Nina swali kuhusu baba yetu."