Njoo Juni

Kila alichomwambia dada yake kuhusu hali ya hewa ya Tanzania kilikuwa kweli. Hilo Aida alijivunia mpaka mwisho, na ndilo lililomfanya awe mbaya kuliko mwongo wa kawaida. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya Aida ilizunguka misimu yote ya mwaka ikarudi ilipoanzia, na kwa muda mrefu hakuna aliyemshika.

Dada huyo, Violet, alikuwa wa baba mmoja naye. Alizaliwa Kitwe, Zambia, enzi baba yao, mzee Raphaeli, akichimba shaba kule. Mgodi ulipomchosha, mzee alirudi kwao bondeni, ng'ambo ya mto Momba, lakini mama wa Violet aligoma kumfuata, na mtoto akabaki naye. Huku nyumbani mzee akaoa mwingine, akamzaa Aida. Yule wa pili akafa. Sasa mzee alikuwa wa kitandani, miguu haimchukui, na aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha uji na kufua mashuka yake alikuwa Aida peke yake.

Kila asubuhi, akishafutwa mdomo, mzee alikuwa na swali moja.

"Violet amesema anakuja lini?"

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wahenga hawakumjua mzee Raphaeli. Kwake asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake lote. Violet alikuwa akimvua viatu vya mgodini angali hata meno hajamaliza kuota. Violet alikuwa na sauti ya kuimba. Violet hakuwa mtoto wa kulialia. Aida aliyasikia hayo yote akiwa na beseni la uchafu mkononi, akienda kumwaga. Mtoto wa mbali hachoki wala hanuni, na harufu ya jasho lake haifiki, sasa nani asimpende?

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho Aida alikingoja kwa baba yake. Katika ukoo wao, mzazi akijua safari yake imekaribia huwaita watoto, huweka maji mdomoni, akawapulizia kifuani na kuwaombea. Katekista alikuwa akiguna juu ya desturi hiyo, ingawa naye alipuliziwa na baba yake na hakujifuta. Asiyepata yale maji, watu walisema, hata apande mbele ya wenzake atavuna nyuma yao, na mume hatakaa naye. Aida alikwisha kuachwa mara mbili, na ufuta wake ulikuwa umemwozea shambani wakati wa majirani umekauka vizuri. Aliyataka yale maji kuliko alivyowahi kutaka mume. Lakini yalikuwa na utaratibu wake, mkubwa kwanza, mdogo baadaye.

"Mdogo hatangulii," mzee alisema. "Akija Violet nitawapa wote."

Mtu mwingine angesema, basi aletwe upesi, kila mmoja apate chake. Aida hakuona hivyo. Aliona jasho lake lote likipangwa nyuma ya mwanamke atakayeshuka kwenye gari amejipaka mafuta mazuri, apige magoti dakika moja, ainuke akiwa mkubwa. Akawaza hivi: Violet asipokuja, mzee atachoka kungoja. Akichoka atamtazama aliyepo.

Wakati ule mnara wa simu ulikuwa bado haujafika bondeni. Aida alipopanda Tunduma kuuza mchele, alikwenda kusimama karibu na mpaka, pale laini ya Zambia inaposhika, akapiga simu Kitwe. Walielewana kwa Kibemba cha sokoni, na Kiswahili kidogo ambacho Violet alijifunza kwa ajili ya safari.

"Nataka kuja kumwona Tata," Violet alisema, akimtaja baba kwa Kibemba. "Lakini Tanzania siijui. Msimu gani ni mzuri kuja?"

"Nchi hii kubwa, dada." Aida mwenyewe hakuwahi kuvuka Mbeya, ila taarifa ya hali ya hewa aliisikiliza redioni kila jioni, pembeni ya kitanda cha mzee. "Sio nchi ya kusema naenda tu. Dar wana mvua zao mara mbili. Hapa Tunduma utavaa sweta, ukipita Mbozi ni ukungu, ukishuka kwetu watu wanalala nje kwa joto. Sasa hivi Januari tope tupu, malori yanalala njiani. Subiri kidogo."

Kweli tupu. Machi alimweleza jinsi mto unavyofurika ukabeba ng'ombe na wenye ng'ombe. "Machi hapafai, dada. Mto unakula watu. Njoo Juni. Juni barabara kavu, mbu wamekufa, mpunga mpya ndani." Hiyo nayo kweli. Mei ilipoisha akakumbuka kwamba dada yake ana pumu, akamwonea huruma kwa sauti ya kubembeleza. Baridi ya Tunduma mwaka huu imezidi, na lile vumbi la kushukia bondeni, kifua chako hakitafika. Oktoba ilipowadia, joto likawa la kukaanga karanga juu ya bati. Desemba ikaleta radi. Kwa hiyo ikabaki Juni tena, Juni ijayo, Juni hasa.

"Na Tata hajambo?"

"Hajambo. Anapiga jembe." Hapo ndipo kweli ya Aida ilipokuwa ikiishia.

"Natotela, asante, mdogo wangu. Bila wewe ningekuja kufia kwenye matope ya watu."

Aida aliporudi bondeni, mzee alikuwa amegeuza uso mlangoni tangu asubuhi. Shangazi Marta, dada yake mzee aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa hapo akimenya karanga, naye aliyasikia majibu yote.

"Amesema tope letu linamchukiza," Aida alisema safari moja. Safari nyingine, "Amesema joto la kwetu ni la kukaa mbuzi, sio watu."

Mzee aligeukia ukutani. Shangazi Marta akasonya, akasema watoto wa mjini ndio walivyo. Na Aida, tuseme ilivyo, alifurahi. Alisikia utamu mpaka kwenye vidole, akaenda kuwasha moto wa uji akiimba. Kesho yake asubuhi mzee akafutwa mdomo, akauliza Violet anakuja lini.

Siku moja Aida alishindwa kujizuia. Alipiga magoti kando ya kitanda, kopo la maji mkononi. "Baba, aliyepo ni mimi. Nipe mimi basi."

Mzee alimtazama muda mrefu, kwa upole hata. "Wewe najua upo," akasema. "Mdogo hatangulii."

Fadhila ya punda ni mateke, Aida alijisemea, akanywa yale maji mwenyewe kwa hasira.

Machi ya pili ilipoingia, mzee aliacha kula. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo na macho yakaanza kuwa ya mtu anayeangalia kitu nyuma ya mtu. Shangazi Marta alimshika nyayo, akasema zimepoa, huyu haioni Pasaka. Hapo ndipo hofu ilipomwingia Aida, na ilikuwa hofu ya kweli. Mzee hakuwa amechoka kungoja. Angekufa akingoja, na maji yangekwenda naye kaburini, ya mkubwa na ya mdogo. Alichokuwa akikificha mwaka mzima ndicho sasa alichokihitaji, tena kwa haraka.

Akamwacha mzee kwa shangazi, akafunga kanga kiunoni, akavuka mto maji yakimfika kifuani, akashikilia magunia juu ya lori hadi Tunduma. Alipiga simu akiwa bado analowanisha sakafu ya kibanda cha watu.

"Dada, njoo. Njoo sasa hivi."

Violet alicheka kidogo. "Machi? Si ndiyo ule mwezi mto unakula watu?"

"Nilisema hivyo."

"Basi ngoja, nimeshapanga Juni. Na nguo nimeshanunua za baridi."

"Dada, baba anakufa."

"Uliniambia anapiga jembe."

"Nilisema hivyo," Aida alisema, na sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Violet alisafiri usiku kucha. Alishuka Nakonde, akavuka mpaka kwa miguu hadi Tunduma alikongojwa, mwanamke mnene wa makamo mwenye paji la uso la mzee Raphaeli kabisa, kiasi kwamba Aida alimtambua hata kabla hajapungiwa mkono. Alikuwa na koti zito mkononi na blanketi jipya la kumpa baba. Alimkumbatia Aida, akalia begani kwake, akamshukuru kwa kumpigia simu. Lori la kushuka walilipata, likawafikisha kwenye mto na kusimama.

Mto haukuwa ule alioacha Aida. Ulikuwa umepanda mpaka kwenye mashamba, mwekundu, unabingirisha magogo, na ngurumo yake ilisikika kabla ya kuuona. Hakuna mtumbwi uliothubutu. Dereva akazima injini, akatandika turubai chini ya lori. Wakakaa pale, watoto wawili wa mtu mmoja, wakiangalia ng'ambo moshi wa jiko la nyumbani kwao, na Violet akikohoa kwa unyevu.

"Ulinionya," alisema Violet. "Kila mara ulinionya, mimi ndiye nimechagua vibaya."

Aida angeweza kusema kweli pale pale, dereva amelala, hakuna shahidi ila maji. Badala yake akamfunika dada yake lile blanketi la baba.

Siku ya pili walikuwa bado pale. Mchana kijana mmoja alikuja ukingoni ng'ambo, akazungusha viganja mdomoni. Mto ulimeza maneno yake mara mbili. Mara ya tatu yakafika.

"Mzee amelala. Tunazika leo, joto halituruhusu."

Jioni waliisikia kwaya. Upepo ulikuwa unavuma kuja upande wao, kwa hiyo waliisikia vizuri, hadi udongo ulipokuwa unarudishwa na wanawake wakapandisha sauti. Violet alipiga magoti kwenye tope akiwa na nguo zake nzuri. Aida alisimama. Alikuwa akifikiria kopo la maji.

Maji yalipopungua walivushwa kwa mtumbwi. Shangazi Marta alikuwa amekaa mlangoni, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Alimpokea Violet kwa macho, sio kwa mikono.

"Kumbe miguu unayo," alisema. "Leo tope letu halijakuchukiza?"

Violet hakuelewa. "Tope gani, shangazi?"

"Si ulisema linakuchukiza? Na joto letu la kukaa mbuzi? Kaka yangu amekufa akitazama mlango kwa ajili ya mtu anayeogopa jua."

Violet alirudia maneno hayo polepole, moja moja, maana Kiswahili chake kilikuwa kidogo na alitaka kuwa na hakika. Kisha akasema, "Mimi niliomba kuja Januari. Nikaomba Machi. Nikaomba Juni, nikaomba Oktoba." Hakumwangalia Aida. Aliyemwangalia alikuwa shangazi, na karanga alizokuwa ameshika zikamdondoka.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali kwa Aida kama wangepiga.

"Mimi nilitumwa," shangazi alisema, "na aliyenituma amekufa, kwa hiyo nitafikisha. Aliomba maji. Akayashika mdomoni, akatazama mlango. Nikamwambia, kaka, hakuna mtu. Akanipulizia mimi kwenye mikono. Akasema, haya ni ya Violet, umpelekee. Ya mdogo atapewa na mkubwa wake."

Alichota maji ya kopo kwa mdomo, akaweka mikono yake miwili kifuani kwa Violet, akampulizia, akamwombea kwa Kinamwanga, maneno ya kaka yake. Violet alilia bila sauti. Kisha shangazi akampa kopo.

"Sasa mdogo wako. Kosa lake tutalizungumza siku nyingine. Baba yenu amesema."

Aida alikwisha kupiga magoti. Alifungua kanga kifuani, akafumba macho. Ya mdogo. Hakuwa amesahauliwa. Yule mzee mkavu, pale mwisho kabisa, alikuwa amemkumbuka, na jambo hilo lilimchoma kuliko kama angesahauliwa. Alimsikia Violet akichota maji, akamsikia akiinama, pumzi yake ya pumu ikija karibu na uso. Akangoja ubaridi.

Alichosikia ni koo. Violet alikuwa ameyameza.

Aida akafumbua macho. Dada yake alikuwa anajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, na paji la uso la mzee Raphaeli lilikuwa limetulia kabisa.

"Machi hapafai, mdogo wangu," alisema. "Subiri Juni."

Aliondoka kesho yake na lori la kwanza, na blanketi akamwachia shangazi. Juni ilikuja kama ilivyo desturi yake. Barabara ilikauka, mbu wakafa, mpunga mpya ukaingia ndani. Shangazi Marta alipita asubuhi moja, akamkuta Aida ameshafagia uwanja na kukaa mlangoni, kopo la maji limefunikwa kisahani kando yake, anaangalia njia inayotoka mtoni. Shangazi hakumsalimia. Vumbi la malori lilionekana mbali, halafu likapita.