Mguu wa Ambakisye

Jana mchana, akiwa amejilaza kidogo kwenye mkeka, Subilaga aliota kwamba yuko tena chini ya lile jabali. Ni jabali refu linalozama wima ndani ya Ziwa Nyasa, mahali pasipo na barabara wala nyumba, pa kufikiwa kwa mtumbwi tu. Hakuwa amelikaribia kwa miezi minane, tangu kaka yake Ambakisye alipoanguka pale akakatwa mguu wa kulia.

Watu wote walijua kwamba jiwe alilolikanyaga lilimeguka. Subilaga ndiye aliyewaambia hivyo. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa chini, ameshika kamba ya kumzuia kaka yake asianguke akipanda, na hapakuwa na mwingine wa kuulizwa.

Ndotoni anavaa viatu vya kupandia, anajipaka chaki viganjani visiteleze. Ambakisye alimfundisha kwamba jiwe hugongwa kabla ya kushikwa, ili ijulikane kama limekaa imara. Basi anagonga la kwanza.

"Nani?" jiwe linauliza.

"Subilaga."

"Yule aliyeshika kamba?"

"Ndiyo."

"Haya, pita. Ila usiniegemee sana, nina mgonjwa ndani."

Hakuona ajabu. Alilishika kwa adabu, akapanda. Kila jiwe aliloligonga lilimuuliza maswali yaleyale, naye alijibu kila mara, sauti ikizidi kufifia.

Kufika katikati, jabali likawa wodi. Wodi yenyewe imesimama wima kama ukuta; vitanda vimepigiliwa kimoja juu ya kingine, na wagonjwa wamelala bila kuanguka. Subilaga anapanda kwa kushika vyuma vya vitanda, akiwaomba radhi wenyewe. Pembeni ananing'inia muuguzi mwenye daftari.

"Sheria unaijua?" muuguzi anauliza.

"Naijua, dada. Viungo vitatu visibanduke kwenye mwamba. Cha nne ndicho huwa huru."

"Basi hicho cha nne kipo juu. Kinakungoja tangu Desemba."

Juu kabisa, kwenye kibaraza cha mwamba, ulikuwa umeketi mguu wa Ambakisye, kuanzia gotini kushuka, bado umevaa kiatu chake cha kupandia. Ulikuwa unatazama ziwa.

"Shikamoo," Subilaga alisema, kwa kuwa ulikuwa mguu wa kaka yake mkubwa.

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. "Unaishije huku?"

"Naishi. Upepo ni mzuri. Asubuhi napanda kidogo, jioni nashuka. Peke yangu sifiki mbali."

Hapo Subilaga akaona wingu la wadudu likiinuka ziwani kama moshi, vilevile kama siku ile. Linakuja mpaka usoni pake. Linasimama. Linangoja aseme.

"Waliniingia machoni," alisema. "Nikaachia kamba ili nijifute. Mkono mmoja tu. Kamba ikakimbia, nikachelewa kuishika. Jiwe halikumeguka."

"Najua," mguu ulisema. "Mimi ndiye niliyelikanyaga. Lilikuwa jiwe zuri."

Subilaga akalia, na wadudu wakarudi zao ziwani.

"Nisamehe," alisema.

"Kwa upande wangu nimekusamehe. Lakini mimi ni mguu, tena nusu yake. Siwezi kumsemea aliyebaki." Ulisogeza ncha ya kiatu, kama unaona haya. "Ila nisaidie jambo moja. Kidole gumba kinaniwasha tangu siku waliponikata, na mimi sina mkono."

Subilaga alifungua kamba za kiatu, akakivua taratibu, akakuna kidole kwa kucha. Alikuna sana, bila haraka, mpaka mguu ukashusha pumzi.

Akaamka.

Ambakisye alikuwa ameketi kizingitini, magongo yake pembeni, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa ameacha kuchambua.

"Subi," alisema bila kugeuka, "utanicheka. Tangu wanikate, kidole gumba cha mguu ambao sina kilikuwa kinaniwasha. Usiku na mchana. Sikumwambia mtu, wangesema nimechanganyikiwa."

"Na sasa?"

"Kimeacha. Sasa hivi, nikiwa hapahapa."

Subilaga hakucheka. Aliinuka, akaenda akasimama mbele yake, mahali ambapo angeweza kumwona usoni.

"Kaka, jiwe halikumeguka."

Ambakisye alimtazama. Alimtazama mpaka kuku aliyekuwa uani akasogea, akadonoa harage lililoanguka, na hakuna aliyemfukuza. Kisha akayachukua magongo, akayahamishia upande wa pili ili mdogo wake apate pa kukaa.

"Anzia mwanzo," alisema.