Cheti cha Mukandekezi

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, msimamizi Rwegoshora alisimama kando ya rundo la mchanga pale Chonyonyo, kampuni ilikokuwa inaijengea shule madarasa mawili ya msaada, akaita majina ya vibarua. Alipofika kwa Mukandekezi aliita kwa mazoea, maana alikuwa hajapata nafasi ya kumfuta. Walikuwa wamemzika Jumamosi.

"Nipo," Mukandekezi akajibu.

Alikuwa nyuma ya mapipa ya maji, na mwiko wake mkononi, na kitenge kile cha maua ya njano alichozikwa nacho. Rwegoshora akatia alama ya vema, akaendelea na jina la Niyonsenga.

Mume wa Mukandekezi, Theoneste, alikuwa anakoroga mchanga na saruji. Miaka tisa kazi yao ilikuwa hiyo: yeye anakoroga, mke anapiga lipu. Hawakuhitaji maneno. Mukandekezi akigonga ndoo kwa mwiko mara moja, mchanganyiko uko sawa. Mara mbili, ongeza maji. Mara tatu, acha uvivu. Asubuhi ile aligonga mara tatu.

"Nimechelewa kuanza," Theoneste akasema. "Nilikuwa na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

"Ungewaachia wengine wakae. Ukuta unakauka."

Alikuwa ameanguka Alhamisi kule Nkwenda, kampuni ilikokuwa inajenga nyumba ya wageni. Jukwaa lilikuwa limepungukiwa ubao mmoja. Kofia ngumu zilikuwepo. Zilitolewa stoo wiki moja kabla, watu wa makao makuu walipokuja kupiga picha. Vibarua wote wakavaa, wakatabasamu, halafu zikarudishwa stoo zikafungiwa zisije zikachakaa. Ripoti ya ofisini iliandika kwamba marehemu hakuvaa kofia. Hapo hawakusema uongo. Hao watu wakiandika hawasemi uongo, wanaacha tu yale mengine.

Saa nne, wakati wa chai, Theoneste alimfunulia mkewe bakuli la katogo ya ndizi na maharage. Mukandekezi hakula, ila aliinamisha uso akapokea mvuke, kama alivyozoea.

"Usidhani nimekufuata wewe," akasema. "Nimefuata cheti changu. Nikishakishika, nakwenda kulala."

Ni kweli, cheti kilikuwa kimeahidiwa. Kampuni ilikuwa imetangaza mpango wa kuwaendeleza wafanyakazi: kibarua mwenye ujuzi atapimwa, atapewa cheti chenye jina lake, na mwenye cheti anaajiriwa na kupewa kofia yake mwenyewe, ya kwenda nayo nyumbani. Mukandekezi alisubiri mwaka mzima akiwa hai.

Theoneste aliishia darasa la tatu, lakini aliandika barua ya kuomba mkewe apimwe, akaipeleka mwenyewe kwa Salwa, afisa maendeleo ya wafanyakazi, binti wa muuza vitambaa wa Kayanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Salwa aliisoma barua mara mbili, akafungua fomu ya ujumuishi. Kulikuwa na safu ya wanawake, ya watu wenye ulemavu, ya vijana na ya wakazi wa eneo la mradi.

"Marehemu hawana safu, mzee wangu."

"Kwani si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Na si mkazi?"

"Amezikwa wapi?"

"Igurwa. Migombani kwangu."

"Basi ni mkazi wa kudumu," Salwa akasema, akatia vema mbili.

Mpimaji akaja. Kipimo chake kilikuwa kumwagia ukuta ndoo ya maji na kutazama yanavyoshuka. Kwenye ukuta wa Kahigi, kijana wa kidato cha nne, maji yalikwama mashimoni, yakapinda, yakachora ramani. Kwenye ukuta wa Mukandekezi yalishuka kwa pamoja kama shuka linalovutwa kitandani. Akawa wa kwanza. Wakampa mafundi wanane awafundishe. Alikuwa anawashika kifundo cha mkono kuwaonyesha mwiko unavyolala, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama mtungi. Walisema unasaidia sana jua likiwa kali.

Jioni mume na mke walirudi pamoja mpaka kwenye migomba yao. Hapo mmoja alikata kulia kwenda kaburini, mwingine akaingia ndani. Njiani walisengenya watu, wakacheka. Tangu waoane hawakuwahi kupata nafasi ya kuzungumza namna hiyo.

Mwezi ukapita, cheti hakijaja. Theoneste akaandika barua ya kukumbusha. Barua hiyo alikaa nayo mfukoni wiki tatu. Yeye, aliyewatukana wakubwa kila siku kwa kuchelewesha mambo ya watu!

"Hiyo karatasi iliyolowa jasho ni ya nini?" Mukandekezi akamuuliza.

"Ya kuwakumbusha."

"Ipeleke, Baba Tuyizere."

Akaipeleka.

Siku ya kukabidhi madarasa lilifungwa turubai, viti vikapangwa, utepe ukakatwa. Kofia zilitoka stoo tena. Mukandekezi naye alivaa ya kwake, ikamkaa vizuri. Mkurugenzi alisema kampuni inarudisha kwa jamii na haimwachi mtu nyuma. Kahigi alipewa cheti. Mwishowe Salwa akaleta fremu kubwa yenye kioo, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi. Mkurugenzi akamkabidhi Mukandekezi, watu wakapiga makofi na vigelegele.

Mukandekezi alifuta mikono kwenye kitenge, akaishika. Kusoma hakujua.

"Nisomee," akamwambia mumewe.

Theoneste alipitisha kidole chini ya kila neno. Maneno yalikuwa machache. Angeweza kutia jina pale, na mkewe angeamini, angekwenda kupumzika. Aliiona nafasi hiyo wazi kabisa. Lakini hakuwahi kumdanganya akiwa hai.

"Cheti cha Heshima," akasoma. "Kwa Mwakilishi wa Vibarua Wanawake."

"Na jina langu?"

"Halipo."

"Tazama nyuma."

Akageuza fremu. "Nyuma kuna kadibodi tu."

"Mashine inadai namba ya kitambulisho cha mtu aliye hai, mama," Salwa akasema kwa sauti ya chini. "Nimepigana nao siku tatu, wakanipa hicho."

"Umejitahidi, mwanangu," Mukandekezi akamwambia. Aliegemeza fremu kwenye ukuta wake, kwa uangalifu asiukwaruze, akavua kofia na kumpa Rwegoshora, aliyekuwa anapita na gunia akizikusanya kuzirudisha stoo. Kisha akaokota mwiko.

"Basi kesho tunaanza vyoo," akasema.

Theoneste aliwalaani wakubwa mmoja mmoja, kuanzia mkurugenzi mpaka mtunza stoo, kwa sauti, na hakukuwa na neno hata moja ambalo hawakustahili. Alipomaliza alichukua madumu, akashuka bondeni kuchota maji ya kesho. Hakujua kwamba anapiga mluzi mpaka aliposikia, huko juu, ndoo ikigongwa mara tatu.