Maziwa Yanayowaka

Asubuhi, malori yakiwa bado yanapakia, mpimaji wa kiwanda cha maziwa alichota maziwa ya tangi la mwisho, akayatia kwenye kichupa na kuyadondoshea virusi. Si vile vya kutulaza sisi kitandani. Hivi huwinda bakteria tu, kila aina na windo lake, na vya kwake vilitengenezwa viwinde listeria, vikimpata viwake. Zamani bakteria walikuwa wakioteshwa kwenye visahani kwa siku kadhaa, na majibu yakija maziwa yameshanywewa. Ndiyo maana pale kiwandani walizoea kuandika "salama" kwanza, kisha kusubiri majibu. Sasa majibu yangetoka siku hiyohiyo.

Yalitoka hata kabla ya chai. Kichupa kiliwaka kijani, virusi vikapanda juu ya mdomo wake, vikashuka mezani na kupita chini ya mlango kwa mstari mmoja, kama sisimizi walionusa sukari. Mpimaji akavifuata, mikono mfukoni. Mlinzi akavipisha.

Vilisimama kwenye kiwiko cha bomba nyuma ya mashine ya kupaki, na kiwiko chote kikang'aa. Kiwiko hicho hakikuwahi kufunguliwa. Kukifungua ni kusimamisha mashine kutwa nzima, kwa hiyo kila jioni walipitisha maji ya moto, wakaligonga bomba kwa spana, likilia vizuri wakasema limetakata.

Meneja aliitwa.

"Inapendeza," alisema.

"Haipendezi hata kidogo, bosi. Hiyo ni listeria. Wewe unaweza kuinywa usijue, lakini mjamzito anapoteza mtoto."

"Sasa hapa mjamzito nani?"

Jamani! Alikuwa amesimama hatua chache tu nyuma yake. Mdogo wake mpimaji alikuwa akifunga pakiti kwenye mashine hiyohiyo, na kila zamu alipewa pakiti ya bure, akaimaliza kabla ya kufika getini. Mimba zake za mwanzo zote zilikuwa zimeharibika. Hii alikuwa akiilea kama yai. Sasa virusi vilikuwa vimemfikia naye: meno yake yalitoa mwanga wa kijani, na tumbo nalo liliwaka chini ya aproni.

"Dada, usinitolee macho, nimeshaona," alisema. "Leo hata taa ya chooni sikuwasha."

"Vua aproni, twende hospitali."

"Zamu haijaisha."

"Zamu itajimaliza yenyewe! Twende kabla sijakubeba mgongoni na tumbo lako hilo."

Daktari alizima taa ya chumba, akampima kwa mwanga wa tumbo la mgonjwa mwenyewe. "Wengi huja tukiwa tumeshachelewa," alisema, akamwekea dripu ya dawa. Mwanga ukafifia siku baada ya siku hadi ukazimika, na mtoto akapiga teke la nguvu. Dada na mdogo wake walilia kwa furaha, kwa sauti, wodi nzima ikisikia.

Huko kiwandani, virusi vilikuwa vimeingia kwenye kila pakiti. Meneja aliagiza pakiti za kuonyesha ndani, akayaita maziwa hayo Maziwa ya Nuru. Watu walipanga foleni. Kiwiko kilizungushiwa kamba, wageni wakawa wanapigia picha hapo. Mpimaji alisimama milangoni mwa maduka akiwaambia watu wasinunue yanayowaka. Walimsikiliza kwa adabu, wakamweleza kwamba yasiyowaka hayapo tena.

Mtoto alizaliwa wa kike, mnono, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jioni moja umeme ulikatika. Mpimaji, akiwa amempakata dirishani, aliona nyumba za mbele zikianza kuwa kijani, vinywa vikizungumza kuzunguka meza. Kwenye ngazi za nyumba ya pili, jirani mjamzito alikuwa akishuka polepole, tumbo lake likimmulikia mumewe njia.

Mpimaji alimrudisha mtoto kwa mama yake, akavaa ndala, akaenda kuwapokea chini ya ngazi.