Pa Kupaki Gari Lisilo na Rivasi

Gari la mjomba halina rivasi. Ilikufa zamani, na badala ya kulipeleka kwa fundi, mjomba akajifunza kuishi bila hiyo, kama mjane aliyekataa kuolewa tena. Hapaki popote mpaka ahakikishe atatoka akiangalia mbele.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunakwenda kumwoza. Ndoa ya serikali, mimi shahidi wake, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimepata kitambulisho na natafuta pa kukitumia. Bibi harusi, fundi cherehani, alishatangulia ofisini kwa msajili. Jana yake alipiga simu, nami nilisikia yote kwa sababu mjomba huweka spika akipiga pasi.

"Kesho kabla hatujasaini nina swali moja," alisema. "Ukinijibu vizuri, sawa. Ukichelewa, hata kuuliza siulizi, narudi kwenye cherehani yangu."

Mjomba aliunguza kola. Ndiyo ile aliyovaa.

Mjini magari yalikuwa yamebanana.

"Nafasi ile pale!" nikasema.

"Hiyo ya kuingia kinyumenyume."

"Na ile?"

"Mbele kuna ukuta. Nitatokea wapi, juu?"

Tukaenda kwenye jengo la maegesho. Mjomba akasoma bei ubaoni. "Hii ni ya kupaki au ya kununua ghorofa?" Kwenye uwanja wa benki mlinzi akauliza kama tuna akaunti. "Ninayo," mjomba akasema, "ila sasa hivi imepumzika." Mlinzi akatuonyesha barabara.

Tulizunguka ofisi ya msajili mpaka muuza magazeti akaanza kutusalimia kama majirani. Mara tukamwona bibi harusi amesimama ngazini, mkono kiunoni. Akatuona. Tukapita.

"Mpungie mkono!" nikasema.

"Mikono iko kwenye usukani! Mpungie wewe!"

Nikampungia. Hakunirudishia.

"Mjomba, shuka, niachie gari."

"Wewe hujui kuendesha. Na shahidi nitampata wapi, nimchukue muuza magazeti?"

Jasho lilikuwa limeshuka mpaka kwenye ile kola. Hapo ndipo nilipoona bango la pahali pa kuoshea magari: geti la kuingilia mtaa huu, geti la kutokea mtaa wa pili. Na kuosha gari kulikuwa nafuu kuliko kulipaki.

"Mjomba, kata humo! Unaingia kwa pua, unatoka kwa pua!"

Aliniangalia kama vile ndiyo kwanza nazaliwa. Mwoshaji, kijana wa buti za mpira, akauliza, "Nje tu, au na ndani?"

"Kila kitu. Hadi mvunguni. Na usiwe na haraka, kaka."

Mwoshaji akapitisha kidole kwenye boneti. "Hili, mzee, hata ningekuwa na haraka, uchafu wake usingeniruhusu."

Tukakimbia. Bibi harusi tulimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha msajili, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi la kuondoka.

"Mmenipita," akasema.

"Tulikuwa tunatafuta pa kupaki," mjomba akasema.

"Haya. Mmebakiza dakika mbili. Swali langu. Mwaka mzima unanishusha kona ya duka la dawa, natembea mwenyewe hadi nyumbani. Mvua, jua, na mizigo ya vitambaa. Hujawahi kunifikisha mlangoni. Unanionea aibu? Au kuna mtu mtaani kwetu hutaki akuone?"

Mjomba akafungua mdomo. Nilimwona anatafuta uongo mzuri, nikamkanyaga mguu.

"Mtaa wenu hauna pa kutokea," akasema.

"Nini?"

"Mwisho wake kuna ukuta. Na gari langu halina rivasi."

Bibi harusi akanigeukia. "Shahidi, ni kweli?"

"Kweli tupu, dada. Hata sasa liko linaoshwa, na si kwa ajili ya usafi."

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza mjomba, sauti imeshuka.

"Nilitaka unione mwanaume mwenye gari. Gari zima."

Bibi harusi akainama. Mabega yakatikisika, nikadhani tumeshaharibu. Kumbe anacheka, na machozi juu yake. "Mwaka mzima nalala najiuliza nina kasoro gani," akasema. "Kumbe kasoro ni ya gia!" Akasimama, akaingia kwa msajili, na kabla yule bwana hajavaa miwani yake akauliza, "Nasaini wapi?"

Mchana ule alitoa amri yake ya kwanza kama mkazamjomba wangu: afikishwe mlangoni. Mjomba akaliendesha gari, linang'aa mpaka halijijui, hadi pua ikagusa ukuta. Majirani wakatoka. Bibi harusi akavua viatu, akapandisha gauni kidogo, akaweka mikono yote miwili kwenye boneti kando yangu, na majirani wakajipanga ubavuni.

Mjomba akatoa shingo dirishani, anaangalia nyuma kwa shida.

"Nikate kushoto? Kushoto kwangu au kwenu?"

"Wewe kata tu, mume wangu," akasema, "sisi tunasukuma."