Mgeni kwenye Kompyuta Yangu

Kompyuta ile ya mezani niliinunua kwa pesa za sare za shule nilizoshona mpaka mgongo ukakakamaa. Ilipofika nyumbani, kifungua mimba wangu aliiwasha kabla sijavua viatu. Sote tunamwita Injinia, kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ikawaka. Akajiandika yeye kuwa msimamizi wa mashine, akaweka neno lake la siri. Mimi akanifungulia akaunti ya mgeni.

"Humu utaingia bila shida, Mama," alisema. "Tena huwezi kuharibu kitu."

Nikamshukuru. Sikujua ninachoshukuru.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza masomo ya jioni ya kompyuta. Darasani mimi ni mkubwa kuliko wote, na mwalimu mwenyewe ni binti ambaye ningeweza kumzaa. Zoezi la kwanza, la kuandika barua, nililifanya nyumbani kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Nikazima mashine, nikalala na furaha. Kesho yake barua haikuwepo.

"Vya mgeni havikai," Injinia alinieleza, macho yakiwa kwenye mchezo wake wa mpira. "Ukitoka tu, mashine inafagia."

"Basi nipe neno la siri niingie kama wewe."

"Mama! Ubonyeze kitu mashine ife, nani atalaumiwa?"

Baba yake alicheka pembeni ya redio. "Mwachie kijana, mama watoto. Kila mtu na fani yake. Wewe una cherehani."

Nikajifunza kuhifadhi kazi zangu kwenye flashi, kama mtu anayechota maji kwa kikombe. Kisha mwalimu akatugawia programu ya mahesabu ambayo mtihani wa mwisho ungefanyiwa humo. Nilipotaka kuiweka, mashine ikadai neno la siri la msimamizi. Bila programu ile sina mazoezi, na bila mazoezi sina cheti. Cheti hicho nimekiombea tangu nilipotolewa shule ili kaka yangu asome.

Nilimwomba Injinia tena na tena. "Kesho, Mama." Kesho yake haikuwa na asubuhi.

Nikamweleza mwalimu. Hakucheka.

"Mashine ni ya nani, Mama?"

"Yangu."

"Basi tuifute, uanze upya."

Akanifundisha kwenye kompyuta chakavu ya darasani: kuchomeka flashi yenye mfumo mpya, kushika kitufe wakati mashine inaamka, kuchagua diski, kuifuta, kuweka mfumo. Nilirudia mpaka mkono ukazoea. "Ila ukishafuta, hakuna kurudi," alinionya. "Michezo, nyimbo, kila kitu kinakwenda."

Nilifika nyumbani nikitaka kufuta papo hapo. Nikapiga magoti kwanza. Mungu wangu, nikasema, kama hii ni hasira, nizuie. Kama ni haki yangu, nipe moyo. Niliamka hasira imekwisha, na nia iko palepale. Hapo nikajua jibu.

Sikutaka mtu aseme nimemvizia. Wakati wa chai nikamwambia, "Injinia, hamisha vitu vyako. Jumamosi naifuta mashine."

Alicheka mpaka chai ikampalia. "Mama ataifomati! Mama, hata rimoti inakushinda!"

"Rimoti hainishindi. Mnaikalia."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nilijifunga kitambaa kichwani, nikachomeka flashi aliyonipa mwalimu. Injinia aliingia nikiwa nimefika kwenye swali: Data zote kwenye diski hii zitafutwa. Unataka kuendelea?

"Mama, subiri! Ligi yangu imo humo! Nimeicheza mwaka mzima!"

"Nilikwambia."

"Nilidhani unatania!"

"Ndiyo shida yetu hiyo."

Akainama sikioni kwangu. "Sawa, yaishe. Nakupa neno la siri. Andika..."

Kidole changu kikasita. Kile nilichokiomba siku zote kilikuwa sikioni, bure.

"Na msimamizi atakuwa nani?"

"Si mimi? Lakini Mama, si ni kitu kilekile?"

"Si kilekile. Ukilibadilisha kesho, nitarudi kukupigia magoti. Magoti yangu yana mwenyewe."

Nikabonyeza.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Ulipofika katikati, umeme ukakatika. Redio nayo ikanyamaza.

"Haya," alisema Injinia. "Imekufa. Nilisema mimi."

Baba yake akatikisa kichwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu ni nani hapa?" niliuliza.

Nilibaki kitini. Diski ile sasa haikuwa na cha zamani wala kipya, na kama imeharibika kweli, nimejinyima mtihani kwa mkono wangu. Nikasali macho wazi, maana nikiyafumba mtu angechomoa flashi.

Umeme ulirudi jioni. Kioo kilikuwa cheusi tititi. Injinia akanyoosha mkono. "Nipishe nijaribu."

"Toa mkono."

Nikashika kitufe kama nilivyofundishwa, nikaanza tena mwanzo kabisa. Safari hii mume wangu hata redio hakuiwasha. Mstari ukatambaa, ukapita katikati, ukafika mwisho. Mashine ikaniuliza jina la msimamizi. Nikadonoa herufi moja moja: MAMA. Neno la siri nililiandika mkono wa kushoto ukifunika wa kulia.

Kisha nikamfungulia Injinia akaunti yake. Akaichungulia kwa wasiwasi.

"Umeniweka mgeni?"

"Hapana. Hiki ni chumba chako, vitu vyako vitakaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata jembe ulininyima."

Alijikuna shingo. "Na nikitaka kuweka mchezo?"

"Utaniomba."

"Na utasema kesho?"

Nilimtazama. Ni mwanangu, nampenda.

"Nitakujibu ndiyo au hapana, siku hiyohiyo. Sasa sogea, unaniziba mwanga. Nina mazoezi."