Lukanga Hafi

Kwetu Mgeta, Lukanga hafi. Akizikwa mmoja, mpwa wake anarithi jina, kiti cha ukoo na kauli. Mjomba wangu alipolirithi alikuwa fundi baiskeli. Siku ya pili akaanza kusema, "Mimi ndiye niliyefyeka mteremko huu," akimaanisha msitu uliofyekwa kabla hata mama yake hajazaliwa. Hakuna aliyecheka. Ndiyo mila yetu, nami naiheshimu, ila heshima yangu ina kikomo na mjomba alikifikia.

Kilichomuudhi ni shairi langu. Kila Jumapili mchana rafiki yangu Alifya hufunga duka lake la vitambaa mjini Morogoro, tukakaa juu ya majora, tukasoma mashairi tuliyotunga wenyewe na kuyabishania mpaka koo zikauke. Langu lilihusu enzi za mkoloni, wazee wetu walipolazimishwa kuchimba matuta milimani, na jumbe aliyewachapa waliogoma. Jumbe huyo alikuwa Lukanga wa wakati ule. Jina nikalitaja.

Habari zikamfikia. Akanikuta napalilia karoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mosi mpwa wangu, unanitukana mjini?"

"Nimeandika mambo ya zamani, mjomba."

"Lukanga ni mimi. Litoe hilo jina. Usipolitoa, shamba hili ulisahau. Ni langu, nililifyeka mwenyewe."

Shamba lenyewe nimeachiwa na mama, naye aliachiwa na mama yake, na ndilo linalotulisha mimi na wanangu. Lakini kwetu neno la mjomba juu ya ardhi ni zito. Niliogopa, sitaki kudanganya. Alipoondoka hofu ikageuka hasira, na hasira naijua zaidi.

Jumapili akaja mwenyewe dukani, kofia kichwani, akaketi mbele kabisa. Alifya akaninong'oneza, "Shoga, soma lingine. Shamba ni shamba."

Nikasimama, nikasoma lilelile:

*Lukanga kashika fimbo, mama zetu wakalima,*
*Ikalia kama wimbo, migongoni ikavuma.*

Kwa kawaida shairi likiisha watu humhoji mtunzi. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Bibi Chausiku, mtu wa kwetu anayeuza mboga sokoni. Hakunihoji mimi. Alimgeukia mjomba.

"Lukanga, mama alikuwa na mimba yangu ulipomchapa. Ulimchapia nini?"

Bibi hakuwa akitania. Alimuuliza mwenye jina.

Mjomba alifuta jasho. "Bibi, ningemchapaje? Wakati huo mimi sijazaliwa!"

"Hukuwepo?"

"Sikuwepo!"

Hapo sikuweza kunyamaza. "Mjomba, msitu ulifyekwa kabla ya matuta. Kama kwenye matuta hukuwepo, msitu uliufyekaje?"

Kicheko kikalipuka, mpaka Alifya akashika meza. Mimi sikucheka. Hasira ilikuwa bado.

"Chagua, mjomba. Kama wewe ni Lukanga, mjibu Bibi. Kama siye, shamba langu usilitaje tena."

Aliangalia mlango. Hakuna aliyemzuia. Nilidhani ataondoka, na kusema kweli nilitamani aondoke, maana angeliacha jina pale sakafuni, na madai ya shamba pamoja nalo. Badala yake akavua kofia. Sauti aliyotoa haikuwa ile ya kunifokea shambani.

"Niliamriwa, mama," alimwambia Bibi Chausiku. "Wazungu waliniamuru."

"Mama yangu naye aliamriwa," akasema Bibi. "Akakataa. Na huyu mpwa wako umemwamuru wewe mwenyewe. Umemsikia naye alivyokataa?"

Mjomba alikaa na kofia yake mapajani hadi tulipomaliza mashairi ya wengine, na shamba hakulitaja. Akilitaja kesho, nitalisoma shairi lile pale Mgeta, siku ya gulio, soko likiwa limejaa, nikiwa nimesimama juu ya lori la kabichi.